Miombo ya Matogoro na Fikra Zisizolala

Mtu mzima akionekana ameketi peke yake chini ya mninga, pembezoni mwa mji wa Songea, hana jembe, hana panga, hana mzigo wa kuni wala ng'ombe wa kuchunga, aghalabu wapitao njia hawamwachi bila ya kumwuliza kama anaumwa, au amefiwa, au anamngoja mtu. Na lau atajibu kwamba amekuja kutazama miti tu, habari zake zitafika nyumbani kabla hajafika mwenyewe, na jioni shangazi yake atakuja kuuliza kwa sauti ya chini ni jambo gani limempata. Mashaka haya ni ya watu wema, maana katika nchi ya wakulima kila saa ya mtu mzima ina kazi yake, na msitu ni mahali pa kwenda kutafuta kitu: kuni, dawa, asali, uyoga au masuku. Lakini mashaka hayohayo yamewanyima wengi wa mji huu faraja iliyo karibu nao mno na isiyouzwa kwa bei yoyote, nayo ni kuipeleka akili iliyochoshwa na fikra mbaya mahali penye miti, maji na ndege, ikapumzike huko kwa muda.

Fikra ninazozikusudia si huzuni ya kawaida, kwa sababu huzuni ya kawaida ina chanzo chake, ina machozi yake na ina siku yake ya kupungua. Nakusudia lile wazo moja linalomwamsha mtu saa nane ya usiku, likamkalisha kitandani hali watoto wamelala na mbwa wamenyamaza: deni la mbolea, mtihani alioshindwa, neno zito alilotamkiwa na ndugu mbele ya watu, kosa la miaka kumi iliyopita ambalo walioliona wamekwisha kulisahau. Hulishika wazo hilo akaligeuza, akajihukumu, akatafuta njia, akaikosa, akarudi pale alipoanzia. Na kesho yake, akiwa sokoni au ofisini, mdomo husema na watu ilhali akili ingali kitandani. Zamani katika miji ya Pwani mafuta ya ufuta yalikamuliwa kwa kinu kilichozungushwa na ngamia aliyefungwa macho, ambaye alitembea kutwa nzima asifike popote. Na mwenye fikra za namna hii huzunguka vivyo hivyo, isipokuwa kinu chake hakitoi mafuta.

Wataalamu wa elimu ya nafsi wameichunguza hali hii kwa makini. Susan Nolen-Hoeksema, mwanamke wa Kimarekani aliyefariki mwaka 2013, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi kuonyesha kwamba kuizamia huzuni na sababu zake, bila ya kutenda jambo, hakuipunguzi bali huirefusha. Ithibati moja ilimjia pasipo kutazamiwa: yeye na mwenzake walikuwa wamewahoji wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford juu ya desturi zao wanapohuzunika, na siku chache baadaye, mwezi Oktoba 1989, tetemeko kubwa la ardhi likalipiga eneo lile la California. Walipowarudia wanafunzi walewale waliona kwamba wenye desturi ya kuzama katika mawazo yao ndio waliosalia na unyonge mwingi zaidi baada ya wiki kadhaa. Ardhi iliwatetemekea wote, lakini wao waliendelea kutetemeshwa na fikra zao baada ya ardhi kutulia.

Kwetu mwenye hali hii huambiwa, "Acha mawazo, utapata presha." Neno hili hutoka katika mapenzi, wala simlaumu anayelisema, lakini amri hii ni vigumu kutiiwa, kwa kuwa akili iliyoamriwa kuliacha wazo hulazimika kwanza kulitazama ili ijue kama imeliacha. Wengine hukimbilia ulanzi, na wengine siku hizi hukimbilia simu, wakaipitisha picha moja baada ya nyingine mpaka usingizi uwashinde. Na vitu hivyo viwili huifunika fikra kwa saa chache, kisha asubuhi mtu huikuta palepale, pamoja na kichwa kinachouma. Akili ya binadamu haikubali kukaa tupu. Ikinyang'anywa kitu ilichokishika bila ya kupewa kingine, hukirudia kilekile, na kwa hiyo hekima iko katika kuichagulia kitu chepesi, kilicho nje yake, kinachoweza kutazamwa kwa muda mrefu pasipo kuchosha.

Mwaka 2015 mtafiti wa Stanford aitwaye Gregory Bratman, pamoja na wenzake, walilijaribu jambo hili kwa vipimo. Waliwachukua watu 38 wa mjini, wenye afya, wakawagawa mafungu mawili: fungu moja lilitembea dakika 90 katika uwanda wenye majani na miti karibu na chuo, na la pili likatembea muda uleule kando ya barabara kubwa yenye magari mengi. Kabla na baada ya matembezi watu hao waliulizwa maswali juu ya fikra zao mbaya za kujirudia, na ubongo wao ukapigwa picha. Waliotoka penye miti walisema fikra hizo zimepungua, na sehemu moja ya mbele ya ubongo, ile inayohusishwa na huzuni na kujitenga na watu, ilionekana imetulia kuliko ilivyokuwa kabla; waliotoka barabarani hawakupata badiliko hilo. Watu 38 si umati, na matembezi ya siku moja hayawezi kuhesabiwa kuwa dawa ya maradhi, jambo ambalo msomaji hana budi kulikumbuka kila akutanapo na watu wanaoiuza habari hii kwa mbwembwe. Hata hivyo watu wa mafungu yote mawili walitembea, miguu yao ilifanya kazi ileile, na tofauti iliyobaki ni ya kile walichokiona na kukisikia njiani.

Kwa nini iwe hivyo? Jibu linalonikinaisha kuliko mengine ni la Stephen na Rachel Kaplan, mume na mke waliofundisha katika Chuo Kikuu cha Michigan, ambao kitabu chao cha mwaka 1989 kimekuwa msingi wa tafiti nyingi zilizofuata. Walisema kwamba binadamu ana nadhari za namna mbili. Ya kwanza ni ile anayoilazimisha, kama anapopiga hesabu, anapoendesha pikipiki katikati ya mji, au anapojizuia asimjibu vibaya mteja. Nadhari hii huchoka, na ikichoka mtu hushindwa hata kuzizuia fikra asizozitaka, ndiyo maana usiku huwa mrefu baada ya mchana wa kazi nyingi. Ya pili huvutwa yenyewe, bila ya juhudi, na vitu kama mawingu yanayokwenda, maji yanayopita juu ya mawe, au majani yanayotikiswa na upepo. Vitu hivyo humshika mtu kwa ulaini, vikamwachia nafasi ya kupumua, na wakati huo ile nadhari ya kwanza hupata mapumziko yake.

Nasi wa Songea hatuna haja ya kuagiza vitu hivyo kutoka ng'ambo. Mashariki ya mji imesimama milima ya Matogoro, yenye msitu wa hifadhi na chemchemi ambamo mto Ruvuma huanza, mto uleule ambao baadaye huwa mpaka wetu na Msumbiji na kumwaga maji yake katika Bahari ya Hindi. Ndani ya Manispaa yenyewe iko hifadhi ya Luhira yenye miombo na wanyama. Kwa kuwa mji uko juu ya mita elfu moja kutoka usawa wa bahari, hewa yake ni ya ubaridi, na mwezi Juni na Julai asubuhi hutaka koti. Lakini mimi, nikiulizwa wakati wa kwenda, nitasema Septemba na Oktoba, kabla ya mvua, wakati miombo inapotoa majani mapya. Majani hayo hayaanzi kwa ukijani. Huanza kwa wekundu wa divai, mengine rangi ya shaba, mengine ya waridi, hata mlima mzima ukaonekana kana kwamba umevaa vazi la arusi. Kisha kwa siku kadhaa wekundu hufifia na ukijani ukashika mahali pake, na hayo yote hutendeka hali ardhi ingali kavu na vumbi lingali linapaa, maana miti hii huchipua kabla ya tone la kwanza la mvua. Nyenze huimba katika joto la adhuhuri, kigong'ota hugonga, na hondohondo hupita wawili wawili kwa kishindo cha mbawa kinachosikika kabla ya wao kuonekana.

Na asiyeweza kupanda mlima, kwa uzee au kwa ugonjwa, na aokote tunda moja la mninga lililoanguka, alishike mkononi. Ni duara jepesi lenye ukingo mwembamba kama karatasi ya kahawia, na katikati yake pana uvimbe wenye miiba myembamba, migumu, iliyosimama pande zote na kuchoma kidole kikibonyeza. Ukingo una mishipa inayotoka katikati kwenda nje, ukiuinua juani huonekana mmoja mmoja. Na ndani ya uvimbe, imefichwa kwa uimara ambao kisu hupata taabu kuushinda, iko mbegu ndogo. Atakayelitazama tunda hili kwa dakika tano, akaligeuza na kulinusa na kulisikiliza likitikiswa, atakuta kwamba kwa dakika hizo lile wazo la usiku halikupata pa kuketi.

Ustadi wa kuiweka nadhari nje ya nafsi si mgeni katika sehemu hizi za kusini. Ng'ambo ya Ruvuma, katika hifadhi ya Niassa huko Msumbiji, Wayao, ambao ndugu zao ni wenyeji wa Tunduru katika mkoa wetu, hutafuta asali kwa msaada wa ndege aitwaye mlembe. Mtu humwita ndege kwa mlio maalumu, ndege hujibu kwa kelele zake na kuruka mti hadi mti, na mtu hufuata mpaka penye mzinga wa nyuki. Kisha mtu huchukua asali na ndege hula nta. Mwaka 2016 Claire Spottiswoode na wenzake walichapa matokeo ya uchunguzi wao huko, wakaonyesha kwamba ule mlio wa jadi huongeza uwezekano wa kufikia nyuki kutoka asilimia 17 hadi 54. Mimi huvutwa zaidi na hali ya yule mtafuta asali mwenyewe, ambaye kwa muda wote wa kumfuata ndege hawezi kuwa penginepo ila pale alipo: masikio yako juu, macho yako matawini, miguu inapapasa njia. Akiyarudia madeni yake kwa dakika mbili, ndege amempotea.

Hapa mkulima ana haki ya kusimama na kupinga, na pingamizi lake ni zito. Atasema, "Mimi tangu alfajiri niko chini ya anga, miti naiona kila siku, udongo naushika kwa mikono miwili, mbona mawazo hayaniachi?" Jibu ni kwamba shamba, juu ya uzuri wake wote, ni daftari la hesabu. Kila mhindi uliodumaa humkumbusha mfuko wa mbolea ambao hakuumudu, kila wingu linalopita bila ya kunyesha humkumbusha ada ya shule, na mwezi wa mavuno unapofika, akisubiri kujua bei ya gunia, hata upepo mzuri wa jioni humpitia asiuhisi. Nadhari yake yote shambani ni ile ya kulazimishwa. Ndiyo maana nasisitiza kwamba haitoshi kuwa nje. Yapasa mtu awe mahali ambapo hakuna kitu kinachomdai. Mkulima naye anastahili saa moja katika msitu asioulima, au kando ya kijito asichokinyweshea bustani, na anaistahili zaidi kuliko karani, maana mapumziko yake ni machache.

Ama lile la kuonekana mvivu au mgonjwa, nadhani dawa yake iko katika mambo tuyaheshimuyo tayari. Nabii Musa alikwea mlima, Isa alipanda mlimani peke yake kusali, na Mtume Muhammad alijitenga katika pango la Hira, nje ya Makka, kabla ya kushukiwa na wahyi. Peramiho, safari fupi kutoka mjini kwetu, Wabenediktini waliofika huko mwaka 1898 walikuja na kanuni ya karne nyingi inayogawa siku baina ya sala, kazi ya mikono na kimya. Waislamu na Wakristo, basi, wanajua kwamba mtu aweza kukaa peke yake juu ya kilima hali ya kuwa na akili timamu kabisa. Na kwa asiyetaka maneno ya watu, msimu wa mvua una uyoga na misuku ina matunda. Achukue kikapu, na hakuna atakayemwuliza. Kwa wanawake na vijana nashauri waende wawili au watatu, kwa sababu usalama hautakiwi kuwa fikra mpya ya kuongezwa juu ya zile za zamani, na mwenzi mwema ni yule anayejua kutembea bila ya kuyajaza masikio.

Kuna jambo jingine ambalo mji huu unalifahamu kuliko miji mingi, nalo ni namna ya kukumbuka msiba pasipo kuzama ndani yake. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga mashujaa wa vita vya Maji Maji hapa Songea. Wengi wao walizikwa katika kaburi moja huko Mahenge, hapahapa mjini, na Nduna Songea Mbano, ambaye mji unaitwa kwa jina lake, ana kaburi lake peke yake. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika mahali hapo akaomba msamaha. Kila Februari watu hukusanyika, ngoma hupigwa, majina hutajwa, wazee husimulia, kisha watu hurudi makwao. Huzuni ile imepewa siku yake, imepewa mahali pake, na hubebwa na wengi kwa pamoja. Vivyo hivyo matanga na arobaini: mila ilimwekea mfiwa mpaka wa siku na watu wa kuketi naye. Fikra zisizolala hazina siku, hazina mahali, na mtu huzibeba peke yake gizani. Kwa hiyo msitu peke yake hautoshi, watu nao wanahitajika.

Jirani zetu wa Zimbabwe wameliunganisha jambo hili kwa busara inayostahili kuigwa. Tangu mwaka 2006 tabibu wa maradhi ya akili, Dixon Chibanda, akianzia Mbare katika jiji la Harare na bibi 14 wa mtaa, ameweka mabenchi ya mbao nje ya zahanati, ambapo mwenye kusumbuliwa na mawazo huketi na bibi aliyefunzwa, akasikilizwa, na pamoja wakalichagua tatizo moja la kuanza nalo. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016, lenye watu 573, lilionyesha kwamba waliopitia benchi hilo walikuwa na dalili chache zaidi za sonona baada ya miezi sita kuliko waliopata huduma ya kawaida. Utaratibu huo umekwisha kuvuka hadi Zanzibar. Na kuonyesha kwamba hata kuutazama mti kuna faida, mtafiti Roger Ulrich aliandika mwaka 1984 juu ya wagonjwa 46 wa hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani, waliofanyiwa upasuaji wa nyongo: wale ambao dirisha lao liliangalia miti walitoka hospitali mapema na kutumia dawa chache kali za maumivu kuliko wale ambao dirisha lao liliangalia ukuta wa matofali.

Nisieleweke vibaya, kwa kuwa katika mambo ya siha kosa dogo huweza kuleta madhara makubwa. Mtu ambaye usingizi umemtoka kwa wiki mbili mfululizo, hana hamu ya chakula wala ya watu, au ambaye fikra zake zimeanza kuizungukia mauti, asipelekwe msituni kutembea peke yake. Apelekwe hospitali ya rufaa ya mkoa au ya Peramiho siku hiyohiyo, afuatane na mtu anayemwamini, na asionewe haya. Matembezi yatamfaa baadaye, pamoja na dawa na mazungumzo, wala hayashiki mahali pa hivyo viwili.

Kwa waliosalia, ambao ni wengi, utaratibu ni mwepesi. Uchunguzi wa watu wapatao 20,000 wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2019, uliona kwamba waliokaa penye miti na majani dakika 120 au zaidi kwa wiki walijieleza kuwa na afya na raha kuliko wasiokwenda kabisa, ijapokuwa yawezekana kwamba wenye afya ndio wanaotoka zaidi. Dakika hizo zaweza kugawanywa. Simu na ibaki nyumbani au izimwe sauti. Mwendo uwe wa polepole, na wazo la usiku likija njiani, kama litakavyokuja, lisipigwe vita. Mtu alitambue, kisha ayarudishe masikio yake kwenye kitu kilicho mbele yake, ndege au maji au mchakacho wa majani makavu chini ya viatu, na afanye hivyo kila mara litakaporudi, pasipo kujikasirikia.

Haya yote yanasimama juu ya kusimama kwa msitu wenyewe. Matogoro ikikatwa kwa mkaa au kuchomwa kila kiangazi, si mto tu utakaodhoofika. Na ombi langu kwa madiwani na kamati za zahanati za Songea ni dogo: katika kila zahanati yenye mti wa kivuli, liwekwe benchi moja chini yake, na atafutwe bibi au babu mmoja wa mtaa, mwenye kutunza siri, apewe mafunzo ya kuketi na wenye mawazo. Naomba jambo hili lizungumzwe katika vikao vya kata mwaka huu, kabla ya mvua za Novemba.